Bunduki ya Risasi Moja

Nzigire alikuwa amekwisha kusema, na siku ile alisema tena huku akipanga vifurushi vya sombe, majani ya muhogo, kwenye friza: bunduki haitalala nyumbani mwake. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayetabiri mvua, akafunga friza kwa goti, kisha akageuka kumtazama mumewe kwenye kochi. Zéphyrin alikuwa amekaa na binti yao Gentille, vichwa vyao vimegusana, wameinamia simu moja.

Simu ilijaa picha za bunduki. Hazikufanana na zile alizozijua Nzigire. Hizi zilikuwa zimelazwa juu ya majani makavu ya rangi ya dhahabu, zimepanguswa zikang'aa, kama vitu ambavyo havijawahi kumtisha mtu.

"Mama Gentille, ni ya kuwinda tu," Zéphyrin akasema. "Ya kulungu. Haiko ya vita."

"Risasi inajua?"

Zéphyrin akacheka kidogo. Gentille, ambaye alikuwa ametimiza miaka kumi na moja na kwa kawaida alimjibu mama yake kwa Kiingereza, alijibu kwa Kiingereza sasa pia. Alisema amemaliza somo la usalama na kufaulu, kwamba mjomba Bonheur ameshazungumza na mwenye shamba, na kwamba kule Kentucky kuna siku za watoto kuwinda kabla ya msimu wa watu wazima kuanza. Alisema yote hayo kwa mkupuo mmoja, kama mtu aliyefanya mazoezi bafuni.

Yote yalianzia kwa huyo Bonheur, mdogo wake Nzigire, aliyefanya kazi kiwandani huko Louisville. Krismasi iliyopita alikuja Columbus na sanduku la barafu lenye nyama ya kulungu aliyemuua mwenyewe. Walikula hapo Whitehall, pembeni mwa mji, katika apatimenti yao ya ghorofa ya pili, na baada ya kula Zéphyrin akaanza kusimulia. Alisimulia pori la kwao Shabunda: nyavu zilizofungwa kutoka mti hadi mti, mbwa waliovishwa kengele za mbao, na baba yake akitembea mbele na gobole begani, anakanyaga majani mabichi bila kuyaamsha. Alivyosimulia, ungesikia matone yakidondoka kutoka juu. Gentille, ambaye baba yake akizungumzia shule huwa na masikio ya jiwe, alisahau kijiko mdomoni. Tangu siku hiyo alikuwa akiomba hadithi moja kila jioni, na Zéphyrin hakuishiwa.

Nzigire alizisikiliza akiwa jikoni. Kwao, upande wa Bunyakiri, bunduki iliingia kwa mlango wa mbele, na kaka zake wawili wakatolewa kwa mlango wa nyuma. Hakuwa na hadithi nyingine ya bunduki, na hiyo moja hakuwa akiisimulia.

Lakini alikuwa ameona jambo. Mumewe, ambaye kwa miaka alikuwa mtu wa kurudi kutoka kazini ghalani amechoka na kulala na viatu, sasa alikuwa akiamka na ndoto. "Nimemuona tena ule kulungu," alikuwa akisema asubuhi, macho bado yamefumbwa. "Amesimama hapo chini, kati ya magari. Ukungu umemfika tumboni. Ananiangalia tu." Na uso wake ulikuwa umelainika kama wa kijana. Nzigire hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba chini pale hakuna kitu ila magari ya majirani na pipa la takataka.

Mwishowe alikubali jambo moja. Wangeenda kutazama. Kutazama si kununua, na yeye angekwenda nao ili kuhakikisha kwamba kutazama kunabaki kutazama.

*

Duka lilikuwa nje ya mji, kubwa kama kanisa la watu wenye fedha. Mlangoni alisimama dubu aliyekaushwa, mikono juu. Ndani kulikuwa na maporomoko ya maji ya kutengenezwa, na sauti ya maji hayo ilifanya watu waongee polepole. Zéphyrin alisimama karibu na maji kwa muda mrefu, akitabasamu peke yake, mpaka Gentille akamvuta mkono.

Nyuma ya kaunta ya bunduki alikuwepo mzee mwenye ndevu nyeupe na miwani iliyoning'inia kifuani. Alimsalimia Nzigire kwanza, akamwonyesha bastola ndogo za rangi ya waridi za kuweka kwenye mkoba. Nzigire akasema hapana, asante. Ndipo mzee akamwona Gentille, na uso wake wote ukabadilika.

"Ni wewe? Bunduki ya kwanza?"

"Ya kwanza," Gentille akasema.

"Basi nipe mkono."

Alimwambia akunje kiwiko. Akachukua bunduki, akaweka kitako chake kwenye kunjo la mkono na kutazama kidole kinafika wapi. Kidole hakikufika kwenye kifyatulio. Akairudisha, akachukua nyingine fupi. Alieleza taratibu, akimwangalia mtoto na si wazazi: kitako kikiwa kirefu, shingo inajinyoosha na jicho halikai mahali pake. Bunduki ikiwa nzito, mikono inatetemeka. Ikiwa nyepesi mno, inapiga teke, na mtoto akipigwa teke mara ya kwanza atafumba macho mara ya pili, na atakayefumba macho atamjeruhi mnyama na kumwacha ateseke. "Tafuta inayokufaa leo," alisema, "usitafute ya kukua nayo. Hii si koti."

Nzigire alisikiliza bila kupenda, na bila kupenda akaelewa. Hakuwa amewahi kusikia mtu akizungumza kuhusu bunduki na wakati huohuo kuhusu kutotesa.

"Na mimi nijaribu," Zéphyrin akasema.

Mzee akafungua ile bunduki, akahakikisha haina kitu, akampa. Zéphyrin aliipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto wa kubatizwa. Akaipandisha begani. Akafumba jicho moja, akafumba na jingine, akashusha pumzi. "Gentille, uko wapi?" akauliza. Mtoto akaitika, naye akageuka kufuata sauti hiyo.

Mtutu ukageuka naye. Ukapita kwa mzee wa ndevu, ukapita kwa mama mmoja aliyekuwa na kigari cha mtoto, ukaja kusimama usawa wa kijana mwenye kofia ya rangi ya majani. Yule mama aliburuta kigari nyuma. Yule kijana hakurudi nyuma. Mkono wake ulishuka kiunoni, penye mkoba wa bastola, ukatulia hapo. Ni maji tu yaliyoendelea kwenda.

"Bwana," mzee akasema, sauti imekauka. "Iweke kwenye kaunta. Sasa hivi. Polepole."

Zéphyrin alisikia ile sauti. Sauti ya namna ile alikuwa ameisikia mara nyingi maishani, na ilimfanya atii haraka kupita kiasi. Alishusha bunduki pale alipodhani kaunta ipo. Kaunta haikuwa pale. Bunduki ilianza kuanguka, na aliyeidaka alikuwa Nzigire, kwa mikono yake yote miwili, chuma baridi kimemgusa hadi kwenye mishipa.

Akaiweka juu ya kioo. Mzee wa ndevu alimtazama Zéphyrin, akampitishia mkono wazi mbele ya uso, kulia, kisha kushoto. Sauti yake ikarudi kuwa ya mtu.

"Unaniona, bwana?"

Aliuliza kwa upole, lakini aliuliza mbele ya watu. Gentille aligeuka akatembea hadi mlangoni, akasimama chini ya dubu, akiwapa mgongo.

*

Nzigire ndiye aliyeendesha. Walipita barabara ya Hamilton, taa nyekundu moja baada ya nyingine zikiwakawisha kana kwamba ni kwa makusudi.

"Tangu lini?" akauliza.

Zéphyrin alikuwa amegeuza uso dirishani. "Ni sukari," akasema. "Munganga wa macho alinambia kabla ya joto kuanza. Kati kati iko moshi. Kwa pembeni ninaona. Donc, nikikuangalia mu uso, njo unapotea. Nikiangalia sikio yako, unarudia kidogo."

Nzigire akakumbuka chai iliyomwagika mezani, akakumbuka kwamba mumewe alikuwa ameacha kuendesha foklifti ya kuinulia mizigo ghalani na kwenda kukunja maboksi, eti mgongo unamuuma. Akakumbuka jinsi alivyokuwa akimtazama siku hizi, kando kidogo ya uso, mpaka akawa ameanza kujiuliza kama kuna mwanamke mwingine. Aibu ikampanda shingoni.

"Ulikuwa unangoya nini? Nisome kwa gazeti?"

"Nilikuwa ninangoya tutoke ku pori. Mara moja tu, mi na mutoto. Kisha ningesema."

Nyuma ya gari Gentille akasema, kwa Kiingereza, kwamba hataki tena. Hataki bunduki, hataki Kentucky, hataki kitu.

Zéphyrin akaitikia kwa kichwa. Aliitikia mara nyingi, kama mtu anayeendelea kukubali baada ya swali kuisha.

*

Nyumba ilibadilika baada ya siku hiyo. Hakuna aliyegombana. Gentille alikula haraka na kuingia chumbani, vitu vya muziki masikioni. Hakuomba hadithi. Zéphyrin alikaa mbele ya televisheni na kuisikiliza. Jumapili, kanisani, mama mmoja alimletea sahani ya wali na kumwekea kijiko mkononi, akimkunjia vidole, na Nzigire alijua kwamba habari imefika kila mahali. Mumewe alisema asante, akala wali wote, na alipomaliza alibaki ameshika sahani kwa sababu hakujua aiweke wapi.

Siku moja Nzigire aliporudi kutoka kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akifanya kazi, alimsikia akiongea na Bonheur kwa simu. "Bon, mutoto amebadilisha mawazo," Zéphyrin alikuwa akisema, kwa sauti ya uchangamfu. "Unajua watoto. Leo hii, kesho ile. Umuambie ule muzee ya shamba merci sana."

Nzigire alisimama kwenye korido na viatu mkononi. Alikuwa ameshinda. Bunduki haitakuja. Alishangaa kwamba ushindi wenyewe ulikuwa na ladha ya kitu kilichochacha.

Kesho yake alikwenda duka la Morse Road kununua unga wa muhogo, na kabla ya kushuka garini akampigia Spés, dada mkubwa wa Zéphyrin aliyeishi Buffalo. Ni Spés aliyemlea Zéphyrin baada ya wazazi kufariki, na neno lake ndani ya ukoo lilikuwa neno la mwisho. Alionekana kwenye simu akiwa jikoni, amevaa sweta mbili na kitenge juu yake. Alilalamika kwanza kuhusu upepo wa Buffalo, ambao alisema unaingia hata kwenye chumvi. Kisha akasikiliza habari yote, hakumkatiza.

"Macho yake, aliniambia," akasema. "Nikamukatalia kukuficha. Lakini ni kichwa ngumu, unamujua."

"Dada Spés, mi ninafikiri ni ile pori inamuumiza. Alikuwa muwindaji, sasa hawezi tena. Ni kama mutu walikata mukono."

Spés akasogeza uso karibu na simu. "Muwindaji nani?"

"Zéphyrin."

"Muke ya ndugu yangu, Zéphyrin hakuwinda hata panya."

Nzigire akadhani mtandao umekatika.

"Sikiliza," Spés akasema. "Ile mwaka papa yetu alitaka kumupeleka, pori ilikuwa imejaa watu ya silaha. Hakuna mutu alikuwa anaingia. Papa akazika gobole yake nyuma ya nyumba, akamuambia mutoto, tungoye kidogo, bitatulia. Wakangoya. Haikutulia. Papa akafa, na siye tukakimbia. Njo ivyo."

"Na zile hadithi? Zile nyavu, ile mbwa na kengele?"

"Ya papa. Usiku papa alikuwa anasimulia, na ule mutoto alikuwa halali. Alikuwa anaangalia mudomo ya papa tu."

Mbele ya duka mwanamke alikuwa akipakia magunia ya mkaa kwenye gari dogo. Nzigire alimtazama bila kumwona.

"Donc amenidanganya miaka hii yote."

"Hapana," Spés akasema, na sauti yake ikawa nyororo ghafla. "Hakudanganya. Aliota. Na hakuna mutu alimuamusha."

*

Ijumaa Nzigire aliomba ruhusa kazini, akamfuata Gentille shuleni, na badala ya kugeuza gari kuelekea nyumbani akachukua njia ya nje ya mji. Gentille alipoliona duka akashika mkanda wa gari kwa mikono miwili.

"Mama, please."

"Shuka."

"Watatukumbuka."

"Watukumbuke."

Ndani ya gari, kabla ya kushuka, alimwambia binti yake yale aliyoambiwa na Spés. Aliyasema kwa ufupi, kwa Kiswahili, bila kumtazama. Gentille akaachia mkanda. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama kweli baba yake hakuwahi kabisa, hata mara moja. Nzigire akasema hata mara moja. Mtoto akatazama miguu yake. Halafu akafungua mlango.

Mzee wa ndevu aliwakumbuka. Alivaa miwani yake, akaivua, akaomba radhi kwa namna alivyosema siku ile. Nzigire akamwambia alifanya kazi yake. Kisha akasema, kwa Kiingereza chake alichojifunza akiwasafisha wazee, kwamba mtu mzima atakayekaa na mtoto porini ni yeye. Sheria inataka mtu mzima anayeweza kuichukua bunduki mara moja, na mumewe hawezi, na mdogo wake Bonheur, ambaye amezungumza upya na mwenye shamba, hawezi kupata ruhusa kiwandani siku hiyo ya watoto. Kwa hiyo anataka bunduki ambayo na yeye anaielewa.

Mzee akatoa tatu, akazipanga juu ya kitambaa. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, na darubini juu yake, na hiyo Gentille aliipenda tangu picha za simu. Ya pili ilikuwa na kitako cha plastiki cha kuongezwa vipande kadiri mtoto anavyokua. Ya tatu ilikuwa fupi, ya mbao, haina mapambo.

Nzigire hakuuliza ipi inafika mbali. Aliuliza, "Nitajuaje kama haina kitu ndani?"

Kwa ile nyeusi, mzee alivuta chuma nyuma, akamwonyesha tundu dogo la kuchungulia. Kwa ya pili hivyohivyo. Kwa ya tatu alibonyeza kitu, na bunduki ikakunjika katikati kama mkono kwenye kiwiko. Akaiinua kuelekea taa. Nzigire akatazama ndani ya mtutu na kuona mwanga wa upande wa pili, duara safi, kama kutazama kupitia bomba.

"Inachukua risasi ngapi?"

"Moja. Ukipiga, lazima uikunje tena na kuweka nyingine kwa mkono."

"Moja tu?"

"Moja tu, bibi."

Nzigire akagusa mbao ya kitako. Zile alizozijua zilikuwa hazina mwisho. Zilianza jioni, zikasema mpaka asubuhi, na hakuna mtu aliyezifungua akachungulia ndani. Hii ilikuwa inasema neno moja, kisha inangoja.

"Lakini nikikosa?" Gentille akasema. Alikuwa bado ameweka mkono juu ya ile nyeusi.

"Ukikosa, atakimbia."

"Na basi?"

"Na basi. Ataenda kwao."

Gentille alitaka kubisha, akamtazama mzee kutafuta msaada. Mzee akasema yeye mwenyewe alianza na ya namna hii, na kwamba ile nyeusi ni nzuri sana, haina kosa lolote, lakini mtoto mwenye risasi moja hujifunza kungoja. Akampa ile ya mbao aipime. Kitako kikakaa kwenye kunjo la mkono. Kidole kikafika. Gentille aliipandisha begani, mtutu juu, shavu likalala kwenye mbao, na Nzigire akaona mabega ya mwanawe yanashuka, kama mtu aliyepata kiti.

"Haipigi sana?" akauliza.

"Tutachagua risasi ndogo. Atasukumwa tu, hatapigwa."

Walilipa. Hawakurudi Whitehall ila kumchukua Zéphyrin, ambaye aliambiwa avae koti na asiulize. Bunduki ilisafiri ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, nyuma kabisa ya gari, na usiku ule ililala Louisville, kwenye kabati la chuma la Bonheur. Nzigire hakuwa ametengua kiapo chake hata kidogo, na alimwambia mumewe hivyo mara mbili njiani.

Walivuka mto wa kuingia Kentucky. Ndipo Zéphyrin akauliza bunduki ni ya rangi gani.

"Mbao," Gentille akasema. "Kahawia."

*

Bonheur aliwafundisha wote wawili, mama na mtoto, kwenye uwanja wa shabaha wa huko. Mara ya kwanza bunduki iliposema, Nzigire alijikuta amechuchumaa, viganja masikioni juu ya vizibo, na hakukumbuka kuchuchumaa. Bonheur alikaa chini kando yake mpaka alipoweza kusimama. Yeye naye alikuwa mtoto katika nyumba ile ya milango miwili. "Yaya, inapita," alimwambia dada yake. "Mi ilinipita, lakini pole pole." Walirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Gentille alijifunza kushusha pumzi. Nzigire alijifunza kuikunja bunduki gizani kwa vidole tu.

Siku ya watoto ilifika ikiwa na ukungu. Mzee mwenye shamba aliwapeleka kwa tochi hadi kwenye kibanda cha mbao ukingoni mwa shamba la mahindi yaliyovunwa, akawatakia bahati, akaondoka. Wote watatu walikuwa wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa kali. Waliketi kwenye benchi moja: Gentille dirishani, Nzigire ubavuni mwake, Zéphyrin mwisho, mgongo ukutani.

Kukapambazuka bila jua. Weupe ulijaa kila mahali, weupe unaotembea. Mahindi yaliyokatwa yalitokeza na kupotea. Mti ulikuja karibu, ukarudi. Nzigire aliwaza kwamba labda mumewe anaona hivi kila siku, na kwamba leo, kwa saa chache, wote watatu wanaona sawa.

Zéphyrin alikuwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa umegeuka kidogo, sikio mbele.

"Kushoto," akasema kwa pumzi tupu.

Hakukuwa na kitu kushoto. Walitazama mpaka macho yakauma. Kisha kipande cha ukungu kikawa kizito kuliko vingine, kikapata miguu, kikainua kichwa. Kulungu jike, mkubwa, masikio yakizunguka. Alipiga hatua, akasimama. Tumbo lake lilikuwa limezama kwenye weupe.

Gentille alipandisha bunduki kwenye ukingo wa dirisha. Nzigire aliweka mkono wake mgongoni mwa mtoto, si kumzuia wala kumsukuma, na akahisi moyo unavyogonga kwenye kiganja chake. Angeweza kuichukua. Sheria ilimweka pale kwa ajili hiyo.

"Mama," Gentille akanong'ona. "Nifanye?"

Kulungu akageuka ubavu. Nzigire alitazama nyuma yake: shamba, kilima, hakuna nyumba, hakuna mtu.

"Unamuona muzuri?"

"Ninamuona."

"Basi shusha pumzi kwanza."

Bunduki ilisema neno lake moja. Sauti ilikwenda hadi kilimani, ikarudi, ikaisha. Nzigire alikuwa bado ameketi. Kulungu aliruka mara moja, akakimbia kiasi cha kutoka nyumba moja hadi ya jirani, miguu ikamwisha. Gentille akaikunja bunduki kama alivyofundishwa, akaiweka chini wazi, akaanza kulia bila sauti. Mama yake alimshika, akamwacha alie.

"Amelala?" Zéphyrin akauliza.

"Amelala."

Walingoja kama Bonheur alivyowaagiza, kisha Nzigire akamshika mumewe mkono na kumpeleka. Zéphyrin alipiga magoti kwenye mabua yaliyolowa. Mkono wake ulitafuta hewani, na Nzigire akauongoza mpaka ukagusa shingo. Ulibaki hapo. Kisha ukaanza kwenda, shingoni, begani, kwenye ubavu uliokuwa bado na joto, ukirudi nyuma kinyume cha manyoya na mbele tena.

"Yuko wa rangi gani?"

"Kijivu na kahawia," Nzigire akasema. "Kama majani yakianza kuoza. Chini ya shingo kuna weupe. Kope zake ni ndefu, nyeusi. Tumbo leupe. Na mkia, chini yake, mweupe sana, kama pamba."

Zéphyrin aliinamisha kichwa. "Mama Gentille," akasema, "mi sikuwahi kumugusa. Hata mara moja. Ile yote nilikuwa ninasema..."

"Ninajua," Nzigire akasema. "Kwato ni ndogo. Nyeusi. Zinang'aa."

Baadaye Zéphyrin akaomba aonyeshwe kwato, na Nzigire akampa.

Ilibidi wamvute kulungu hadi njiani, ambako mzee mwenye shamba angemfuata kwa gari lake. Walifunga kamba miguu ya mbele. Zéphyrin alikataa kubaki. Alikuwa na nguvu kuliko wao wote wawili, alisema, macho hayavuti kamba. Akaizungushia kamba mkononi, akajiweka mbele, na Nzigire akashika nyuma yake.

Gentille alikuwa amejifuta uso. Aliibeba bunduki iliyokunjwa chini ya kwapa, akapita mbele ya baba yake, akaanza kutembea kinyumenyume, akimtazama.

"Kuja, papa," akasema. "Hapa iko sawa. Pole pole. Mbele yako kuna shimo. Inua muguu. Ile ingine. Njo vile."